Okot p'Bitek na Tasnifu Iliyokataliwa

Miongoni mwetu tunaosomea shahada za juu, kuna hofu ambayo haitajwi sana hadharani. Ni hofu ya kwamba tumeingia katika ukumbi wa wasomi kama wadoezi wa karamu, na kwamba ipo siku mwenyeji atauliza ni nani aliyetualika. Hofu hiyo humshika mtu anapoitwa mbele ya jopo kutetea pendekezo lake la utafiti, na huzidi pale rasimu inaporudi imejaa wino mwekundu. Kwa sababu hiyo nimeona heri kuyapitia maisha ya msomi ambaye kwake jambo hilo halikuishia katika hofu. Aliambiwa waziwazi, na chuo kikuu chenye sifa kubwa duniani, kwamba kazi yake haikufikia kiwango.

Okot p'Bitek alizaliwa mwaka 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika jamii ya Waacholi. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake alikuwa manju aliyefahamika kwa nyimbo zake. Elimu yake ya kwanza basi ilitoka pande mbili, ubaoni na uwanjani pa ngoma. Baada ya kusoma King's College, Budo, na chuo cha ualimu cha Mbarara, alifundisha shuleni karibu na Gulu. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alichapisha riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar.

Mpira wa miguu ndio uliompeleka Uingereza katika miaka ya 1950, akiwa mchezaji wa timu ya Uganda. Wenzake waliporudi, yeye alibaki kusoma. Alichukua stashahada ya elimu Bristol, akasomea sheria Aberystwyth, kisha mwaka 1960 akajiunga na Oxford kusomea anthropolojia ya jamii. Ukitazama vyema utaona kwamba mara tatu mtu huyu, mwalimu na mwandishi mwenye kitabu chake, alikubali kuketi tena dawati la mbele kama mwanagenzi. Naamini uzoefu huo una uzito kuliko unavyopewa katika wasifu wake.

Huko Oxford, mhadhara wa kwanza kabisa ulimwonyesha nafasi aliyotengewa. Mhadhiri aliwataja Waafrika na watu wengine wasio Wazungu kwa majina ya ushenzi na ukatili. Okot alipinga, lakini pingamizi lake halikusikizwa. Hebu tufikirie hali hiyo: kuketi darasani ambamo watu wa kwenu ndio kielelezo cha somo, na wewe unatakiwa kuandika unayoyasikia katika daftari. Hata hivyo aliendelea, na mwaka 1963 akawasilisha tasnifu ya B.Litt. kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walang'o. Nyimbo alizozisikia utotoni zilikuwa zimeingia katika maktaba ya Oxford.

Aliporudi Afrika Mashariki sifa zake zilienea upesi. Song of Lawino ilitolewa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1966. Utungo wenyewe kwa Kiacholi, ambao ndio asili, ulichapishwa miaka mitatu baadaye. Sisi wa Kiswahili tunaufahamu zaidi kwa tafsiri ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino, ya mwaka 1975. Wapo wanaomsoma Lawino kama mwanamke wa mashambani anayelilia mambo yaliyopita. Mimi siafikiani nao. Lawino hakusoma, mumewe Ocol amesoma Makerere, na bado ni Lawino anayejenga hoja huku msomi akijaa dharau. Swali la nani ana haki ya kuitwa mjuzi limo katika kila sehemu ya utungo huo.

Swali hilo lilimrudia mtunzi mwenyewe mwaka 1970. Tasnifu yake ya uzamifu kuhusu dini ya jadi ya Waacholi na Walang'o ilikataliwa Oxford. Haifai tumfanye Okot kuwa jabali lisilohisi kitu. Ni kazi ya miaka mingi iliyokataliwa. Lakini mwaka uliofuata East African Literature Bureau ilitoa kitabu chake Religion of the Central Luo, juu ya mada ileile.

Katika maandishi yake ya kipindi hicho kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa tafsiri angepaswa kukijua. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, swali likageuka kuwa nani aliyewafinyanga. Wazee walitaja Rubanga, pepo anayefinyanga migongo ya watu ikawa na vibyongo. Jina hilo ndilo lililochukuliwa kuwa jina la Mungu. Kisa kama hicho hakipatikani kwa anayeionea haya lugha ya mama yake.

Sitaki kuficha kwamba Okot aliweza kuwa mkali kupita kiasi. Katika African Religions in Western Scholarship aliwashambulia pia wasomi Waafrika, John Mbiti akiwamo, kwa kuivika miungu ya Afrika kanzu za Kiyunani. Huenda aliyewahi kutiliwa shaka hujifunza kuwatilia wengine shaka kwa wepesi.

Miaka ya 1970 aliitumia zaidi Nairobi, akitafiti katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika na kufundisha sosholojia na fasihi. Baadaye alifundisha Ife, Nigeria. Mwaka 1982 alirejea Makerere kama profesa wa uandishi wa kubuni. Alifariki Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 51, bila shahada ya uzamifu.