Seyyid Said bin Sultan na daftari la forodha

Watu wetu wa Maskati na Dubai wakikaa barazani, jina la Seyyid Said bin Sultan halikosi kutajwa, na hadithi huwa ile ile: ati alifika Unguja, akapenda kijani chake, maji yake matamu na upepo wake, akahamia. Hadithi nzuri, na si uongo wote. Lakini mimi nimesomesha historia miaka mingi, na kila nilipofika kwenye maisha ya mzee huyu nilimkuta mtu wa hesabu. Kijani kilimpendeza, sikatai. Forodha ilimpendeza zaidi.

Alizaliwa 1791 huko Samail, ndani ya Oman. Mwaka 1804 baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini katika Ghuba, na Said akabaki kijana mdogo katikati ya wajomba, binamu na masheikh waliokuwa wakiukodolea macho ufalme. Shangazi yake, Bibi Moza bint Ahmad, ndiye aliyeshika mambo yasiharibike. Binamu yao Badr bin Saif aliitwa asaidie, akataka kubaki na kiti. Mwaka 1806, karibu na Barka, Said akamuua. Alikuwa na miaka kama 15 hivi. Watoto wa darasani walikuwa wakinyamaza nikifika hapo.

Sasa tazama alichorithi. Maskati haikuishi kwa kilimo. Ukitoa tende na samaki, iliishi kwa bandari, kwa majahazi yaliyobeba mali baina ya Bara Hindi, Basra na Bahari ya Sham. Na bandari hiyo ilikuwa imebanwa. Waingereza wa Bombay walikuwa wakizidi kushika biashara na bahari, na kutoka Najd Mawahabi walikuwa wakishuka na kudai malipo. Huko ndani, makabila hayakutawaliwa kwa amri tupu. Sheikh alitaka zawadi, askari alitaka mshahara. Mtawala asiye na mapato hakuwa na muda mrefu. Basi Said akatazama kusini, ambako pepo za kaskazi zilikuwa zikipeleka majahazi ya Oman kila mwaka, na ambako tangu Ngome ya Mombasa kutekwa kwa Wareno mwaka 1698 Waomani walikuwa na haki za kudai.

Kikwazo kilikuwa Wamazrui wa Mombasa, Waomani wenzake, ambao hawakutaka kumjua. Mwaka 1824 walipandisha bendera ya Kiingereza kwa ruhusa ya nahodha Owen, lakini serikali ya London ikakataa, na kufikia 1826 bendera ikateremshwa. Said alipigana nao, akasuluhishana nao, akapigana tena, mpaka 1837 akaipata Mombasa. Wakubwa wa ukoo ule wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi. Najua wako wasomaji wa gazeti hili ambao jambo hili kwao si historia ya kitabuni. Lakini ukiuliza vita vyote vile vilikuwa vya nini, jibu ni ushuru: nani akusanye pale jahazi linapotia nanga.

Unguja alifika mara ya kwanza 1828. Bandari yake ni ya kina na imekingika, na ng'ambo yake ni Mrima, mlango wa bara. Humo ndani kulikuwa na pembe za ndovu, na wakati ule Ulaya na Marekani walikuwa na njaa ya pembe: vitana, mipira ya biliadi, vidole vya piano. Na hapa ndipo penye siri ya utajiri wa Unguja, ambayo wanafunzi walikuwa wakiielewa haraka kuliko mambo ya vita. Nguo zilizokuja kubadilishwa na pembe, hasa merikani kutoka Salem kule Massachusetts, zilifumwa kwa mashine, kwa hiyo bei yake ilikuwa ikishuka. Bei ya pembe ikipanda. Tofauti baina ya hizo mbili ilipita kwenye meza ya forodha ya Unguja, na kila ilipopita iliacha kitu.

Meza hiyo Seyyid hakuikalia mwenyewe. Aliikodisha. Katika miaka ya 1830 forodha ikawa mikononi mwa Jairam Shivji, Banyani wa Kachi, aliyempa Seyyid fedha taslimu kila mwaka na kujikusanyia ushuru. Seyyid akihitaji zaidi, alikopa kwake huyo huyo. Kwa hiyo tunapouita utawala ule wa Waarabu, tukumbuke kuwa fedha yake kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Wahindi. Bila Jairam, merikebu na misafara mingi isingetoka.

Kisha ikaja mikataba. Na Wamarekani 1833, ushuru asilimia 5 tu kwa bidhaa wanazoingiza. Na Waingereza 1839, na Wafaransa 1844. Wengine huona alijifunga mikono, na kwa muda mrefu ni kweli, maana konseli wa Kiingereza, Hamerton, aliyekuja 1841, alianza kama mgeni akaishia kuwa mtu asiyeweza kupuuzwa. Ila katika mkataba ule wa 1839 Seyyid alijibakishia jambo moja: kutoka Mtangata mpaka Kilwa, pembe na sandarusi zisinunuliwe na wageni moja kwa moja. Waje Unguja. Mwaka 1840 akapeleka merikebu yake, Sultana, mpaka New York, ikiwa na tende, kahawa, karafuu, pembe na ngozi, chini ya Ahmad bin Naaman. Wamarekani wakaitengeneza merikebu bure, na wakamchora Ahmad picha ambayo iko Salem hadi leo.

Karafuu hakuileta yeye, ingawa wengi wetu tumekua tukisikia hivyo. Ililetwa na Saleh bin Haramil kutoka visiwa vya Wafaransa, na Seyyid akamnyang'anya mashamba yake. Kisha akaamrisha kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, asiyefanya anyang'anywe. Ardhi nzuri ya upande wa magharibi wa Unguja ikageuka mashamba ya wenyewe wapya, na wenyeji wakasogea kwenye ardhi ya mawe.

Na nani alichuma? Mimi nilisoma sekondari ya misheni. Huko tulifundishwa utumwa wa Mwarabu sura nzima. Nyumbani neno lenyewe halikutamkwa. Pande zote mbili ziliacha kitu. Mwaka 1822, kwa mkataba wa Moresby, Said alikubali watumwa wasiuzwe tena kwa Wakristo, yaani soko la visiwa vya Wafaransa na Bara Hindi ya Waingereza likafungwa kisheria. Wafanyabiashara wakabaki na watu wasio na mnunuzi wa nje. Wakawaweka mashambani, wakawachumisha karafuu, na ile kazi ambayo zamani iliuzwa kama mtu sasa ikauzwa kama zao. Mkataba uliokusudiwa kupunguza utumwa ukaujaza Unguja na Pemba. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakipitia Kilwa kwa miguu, na wengine walikufa njiani. Mwaka 1845 akatia saini mkataba mwingine, wa kuzuia watumwa wasipelekwe Arabuni, ulioanza 1847. Wa kubakia baina ya Kilwa na Lamu haukuwagusa. Alijua fika nini kingetokea kwa mashamba yake kama ungewagusa. Baadhi yetu tuna damu ya pande zote mbili za shamba lile, na sioni faida ya kumficha mtoto wa leo wa Muttrah jambo hilo.

Kufikia miaka ya 1840 alikuwa akikaa zaidi Mtoni, Unguja, kuliko Maskati. Karafuu zilikuwa zimezidi kiasi cha bei kuanguka, lakini pembe zilimwokoa. Misafara ilifika Tabora na Ujiji, na Kiswahili kikaenda nayo, mpaka baadaye kikavuka ziwa kuingia Kongo.

Aliondoka Maskati mara ya mwisho mwaka 1856 akirudi Unguja. Tarehe 19 Oktoba, karibu na visiwa vya Shelisheli, alifariki ndani ya merikebu yake, Victoria. Mwanawe Barghash alikuwamo. Akazikwa Unguja.

Watoto wakagombana: Thuwaini alishika Maskati, Majid alishika Unguja, na Waingereza wakaingia kati. Uamuzi wa 1861 ukawa kila mmoja abaki alipo, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Ufalme uliotoka Oman kwenda kutafuta riziki ng'ambo, sasa ng'ambo ndiyo iliyotakiwa kuilisha Oman.