Fahrenheit, Yatima Aliyetuachia 32

Katika fizikia sisi hukariri tu: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Lakini hiyo 32 ilitoka kwa nani? Nilipomsoma mwenyewe nilishangaa, ndipo nikaamua kuwasimulieni.

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa mwaka 1686 mjini Danzig, ambao leo ni Gdańsk, Poland. Mwezi wa Agosti 1701 baba na mama yake walikula uyoga wenye sumu, wakafariki siku moja. Hebu fikiri! Kijana wa miaka 15 tu, na wadogo zake wanamtazama yeye. Walezi wakampeleka Amsterdam ajifunze biashara. Wapi! Roho yake ilikuwa kwenye vioo na vipimajoto. Akaingia madeni, walezi wakataka akamatwe, apakiwe melini kwenda India ya Mashariki. Akawa mtu wa kuhamahama mji hadi mji. Wengine watamwita mtukutu. Mimi nasema walezi ndio hawakumwelewa.

Mwaka 1708 alimtembelea Ole Rømer, mtaalamu wa nyota huko Copenhagen, akaona anavyotia alama vipimajoto vyake. Siku hizo kila kipimajoto kilisema lake, hata vikikaa meza moja. Fahrenheit akaunda viwili vilivyopatana, kisha akatumia zebaki badala ya pombe. Sufuri aliiweka kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia. Barafu na maji matupu ikawa 32, na mwili wa mtu 96. Baadaye kipimo kilirekebishwa ili maji yachemke kwa 212, ndiyo maana mwili sasa ni 98.6, yaani 37 zetu za Selsiasi. Toka kuganda hadi kuchemka yeye ana hatua 180, sisi 100. Ile 9 kwa 5 inatoka hapo. Kwenye -40 vipimo vyote viwili husema namba moja. Jaribuni kupiga hesabu!

Naye Anders Celsius wa Sweden alizaliwa 1701, mwaka ule ule wa msiba wa uyoga. Kumbe kipimo chake cha 1742 kilikuwa kichwa chini miguu juu: maji yalichemka kwa 0, yakaganda kwa 100! Kiligeuzwa baadaye.

Mwaka 1724 wataalamu wa London walimpokea Fahrenheit katika chama chao cha kifalme. Heshima hiyo haikumjaza mfuko. Alifariki The Hague mwaka 1736, akiwa na miaka 50, hajaoa, akazikwa mazishi ya maskini.