William Thackeray: Mcheshi aliyewaumbua majirani matajiri wa London

Aliwachekesha Waingereza kwa kuwaonyesha jinsi matajiri wanavyodharau walio chini yao na kujikomba kwa walio juu. William Makepeace Thackeray aliyajua hayo vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuwa tajiri, akafilisika, kisha akarudi tena kwenye meza za wakubwa.

Familia mbili za wafanyabiashara zinaishi jirani katika eneo la Russell Square, London. Watoto wao wamekua pamoja na tayari ni wachumba. Mara mzee Sedley anafilisika: Napoleon ametoroka kisiwani Elba, bei za hisa zimeporomoka na mali yote imekwenda. Nyumba inafunguliwa, vyombo vinapigwa mnada na watu wanaingia kuchungulia vyumba walivyokuwa wakialikwa kula. Miongoni mwa wanaomdai, hakuna anayemwandama kama jirani yake, mzee Osborne, ambaye ni Sedley huyo huyo aliyemsaidia kuanza biashara. Osborne anamkataza mwanawe George kumuoa binti wa mtu aliyefilisika.

Hicho ni kisa kimoja tu katika Vanity Fair, riwaya iliyompa Thackeray umaarufu.

Alizaliwa wapi?

Thackeray alizaliwa tarehe 18 Julai 1811 katika jiji la Calcutta, India. Baba yake, Richmond Thackeray, alikuwa afisa wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki na alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza wa India, mtoto huyo alipelekwa Uingereza kusoma, huku mama yake akibaki nyuma. Njiani meli ilitia nanga katika kisiwa cha Saint Helena, na huko alionyeshwa Napoleon aliyekuwa kifungoni.

Alisoma katika shule ya Charterhouse, ambako hakuwa na furaha, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1829. Aliondoka mwaka uliofuata bila shahada, akiwa na madeni ya kamari. Alijaribu sheria akaiacha, na baadaye akaenda Paris kujifunza uchoraji.

Mali ilikwendaje?

Alipotimiza miaka 21 Thackeray alirithi mali ya baba yake, ambayo ingetosha kumtunza maisha yake yote. Haikukaa. Sehemu iliishia kwenye kamari, nyingine kwenye magazeti yaliyokufa mapema, na kiasi kikubwa kilipotea pale mabenki ya India yalipoanguka. Kijana aliyelelewa kama bwana mkubwa akalazimika kuuza makala ili apate mkate.

Mwaka 1836 alimuoa Isabella Shawe na wakapata mabinti watatu, mmoja akafariki akiwa mchanga. Baada ya kuzaliwa binti wa tatu mwaka 1840, Isabella alishikwa na huzuni nzito. Wakiwa safarini kwenda Ireland alijitupa baharini, akaokolewa. Hakupona tena. Aliwekwa chini ya uangalizi wa watu wengine, akaishi hadi mwaka 1894, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo cha mumewe. Thackeray hakuoa tena. Watoto walikaa Paris kwa bibi yao hadi mwaka 1846, walipohamia kwa baba yao katika nyumba ya Young Street, mtaa wa Kensington.

Alijulikana kwa nini?

Mwaka huo huo alianza kuandika katika jarida la vichekesho la Punch mfululizo wa makala kuhusu watu aliowaita snobs. Zamani Waingereza walilitumia neno hilo kwa fundi viatu, na wanafunzi wa Cambridge waliwaita hivyo watu wa mjini wasiosoma chuoni. Thackeray aliligeuza. Kwake, mwenye kasoro si maskini, bali ni yule anayepima utu wa mwenzake kwa cheo, kwa gari la farasi na kwa idadi ya watumishi. Aliwapanga mmoja baada ya mwingine: mwanajeshi, kasisi, msomi, mwenye nyumba anayekopa ili aandae karamu ya kuwatambia majirani. Na katika kichwa cha mfululizo huo alitamka wazi kwamba mwandishi ni mmoja wao.

Vanity Fair ilifuata, ikitoka kila mwezi kuanzia Januari 1847 hadi Julai 1848, kila toleo kwa shilingi moja, na michoro aliichora mwenyewe. Jina alilitoa katika kitabu cha John Bunyan cha karne ya 17 kuhusu safari ya Mkristo, ambacho kimetafsiriwa pia kwa Kiswahili. Maana yake ni gulio linalouza mambo ya ubatili.

Mhusika wake mkuu, Becky Sharp, ni binti yatima asiye na fedha wala jina. Kwa akili na ulaghai anapanda hadi Mayfair, mtaa wa wakubwa kabisa. Yeye na mumewe Rawdon wanaishi kifahari katika barabara ya Curzon bila kipato chochote. Siri yao ni mkopo. Mwenye nyumba, Raggles, alikuwa mtumishi aliyeweka akiba kwa miaka mingi. Hathubutu kuwadai kodi watu wa ukoo mkubwa, na mwishowe yeye ndiye anayeishia jela kwa madeni. Msomaji anacheka hadi afikie hapo. Thackeray alitaka watu waone nani hasa hulipia fahari ya wengine.

Je, yeye mwenyewe aliponaje?

Hakupona kabisa. Umaarufu ulipokuja, milango ya malodi ilifunguka, naye akaingia. Baadhi ya marafiki walinong'ona kwamba mchekaji wa wakubwa sasa hakosi kwenye karamu zao.

Maisha ya nyumbani pia yaligeuzwa kuwa umbea. Charlotte Brontë, ambaye hakujua habari za Isabella, alimtunukia toleo la pili la riwaya yake Jane Eyre, inayosimulia bwana anayemficha mkewe mgonjwa wa akili. London ikaanza kuvumisha kuwa mtunzi alikuwa yaya wa watoto wa Thackeray. Brontë alisikitika sana alipoelewa kilichotokea.

Mwaka 1858 mwandishi kijana, Edmund Yates, alichapisha makala ya kumkejeli. Thackeray, aliyeishi kwa kukejeli wengine, alipeleka malalamiko katika Klabu ya Garrick na Yates akafukuzwa uanachama. Charles Dickens alimtetea kijana huyo, na waandishi hao wawili wakubwa wa Uingereza wakaacha kusemezana kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1860 alikuwa mhariri wa kwanza wa jarida la Cornhill, ambalo toleo lake la kwanza liliuza zaidi ya nakala 100,000. Kwa kipato chake alijenga nyumba ya matofali mekundu katika barabara ya Palace Green, jirani na Kasri la Kensington. Fedha alizozipoteza ujanani alikuwa amezirudisha kwa kalamu, na mabinti zake hawakuwa tena hatarini kurithi madeni.

Alifariki lini?

Aliishi katika nyumba hiyo chini ya miaka miwili. Wiki chache kabla ya kifo chake alikutana na Dickens kwenye ngazi za klabu moja ya London na wakapeana mikono. Asubuhi ya tarehe 24 Disemba 1863 alikutwa amefariki kitandani kutokana na kiharusi, akiwa na umri wa miaka 52. Alizikwa katika makaburi ya Kensal Green mbele ya maelfu ya waombolezaji, na Dickens alikuwepo.

Thackeray aliwaambia mabinti zake kwamba hataki maisha yake yaandikwe kitabu. Anne, binti mkubwa ambaye naye alikuwa mwandishi, alitii kwa zaidi ya miaka 30. Karne ilipokaribia kwisha aliandika utangulizi wa kila juzuu la kazi za baba yake, na humo akaeleza kidogo kidogo jinsi walivyoishi. Neno ambalo baba yake aliligeuza maana sasa linatumika katika lugha nyingi za Ulaya, na wengi wanaolitamka hawajui lilikotoka.