Lamarck, Profesa wa Wadudu na Minyoo



Ukitaja jina la Lamarck mbele ya wanafunzi wa chuo, wengi watakujibu: twiga. Walifundishwa sekondari kwamba alidai shingo ya twiga ilirefuka kwa kunyooshwa kuelekea majani ya juu, wakaambiwa alikosea, somo likaisha. Sisi tunaosoma taaluma za Kiislamu tunayo sababu ya pili ya kumpita haraka: nadharia yake kwamba viumbe hubadilika kutoka aina moja kwenda nyingine. Mimi pia siikubali. Lakini mtu huyu alifanya kazi nyingine kubwa, na kila anayesema kwamba buibui si mdudu anaitumia kazi hiyo bila kumtaja mwenyewe.

Jean-Baptiste Lamarck alizaliwa tarehe 1 Agosti 1744 katika kijiji cha Bazentin, kaskazini mwa Ufaransa, mtoto wa kumi na moja katika familia yenye ukoo mkubwa na mfuko mdogo. Alipelekwa kusomea upadri. Baba yake alipofariki, kijana akaacha masomo, akaenda vitani Ujerumani na kupandishwa cheo huko huko uwanjani. Maradhi ya shingo yakamtoa jeshini. Akafanya kazi benki, akasoma udaktari, mwishowe akazama katika mimea. Kitabu chake cha mimea ya Ufaransa, cha mwaka 1778, ndicho kilichomtoa gizani.

Mwaka 1793 serikali ya mapinduzi iliigeuza Bustani ya Mfalme mjini Paris kuwa makumbusho ya taifa, na viti vya uprofesa vikagawanywa. Wanyama wanyonyeshao na ndege alipewa Geoffroy Saint-Hilaire, kijana wa miaka 21. Lamarck, mtu wa mimea aliyekaribia miaka 50, akakabidhiwa wadudu na minyoo. Wengine wangenung'unika hadi kustaafu. Yeye alianza kusoma upya.

Alichokabidhiwa kilikuwa kama stoo. Linnaeus, bingwa wa uainishaji wa karne ile, alikuwa amewagawa wanyama wote wasio na uti wa mgongo katika mafungu mawili tu: wadudu na minyoo. Katika fungu la wadudu walirundikwa nzi, kaa, nge, buibui na jongoo. Sababu ilikuwepo. Wote hao wana mwili wa pingili, miguu yenye viungo, na ganda gumu nje badala ya mifupa ndani. Ganda hilo halikui, kwa hiyo mnyama hulazimika kulivua kila anapoongezeka mwili. Leo tunawaita athropoda, jina lililokuja baada ya Lamarck kufariki.

Lamarck hakutosheka na umbo la nje. Akitumia pia uchunguzi wa Cuvier, mwenzake pale makumbusho, aliuliza maswali ya ndani: huyu anapumuaje? Damu yake inasafirije? Kaa na kamba wana moyo na wanapumua kwa matamvua. Mwaka 1799 akawatenga. Mwaka 1800 ikawa zamu ya buibui na nge: miguu minane, hawana vipapasio, kichwa kimeungana na kifua, na mtoto wa buibui huanguliwa akiwa buibui tayari, hapitii hatua ya buu kama nzi au kipepeo. Wakabaki wadudu wenyewe: miguu sita, kichwa, kifua na tumbo vikitofautiana, na hewa ikiingia kwa vitundu vya ubavuni na kusambazwa kwa mirija. Mgawanyo huo aliuchapisha katika kitabu cha mwaka 1801. Haukukamilika, kwani tandu na jongoo aliwaweka upande wa buibui na wengine wakaja kuwatoa, ila msingi wake ungali unafundishwa.

Kuna jambo lililonivutia kama mwanafunzi wa fiqhi. Tangu Aristotle, wanyama hawa waliitwa wasio na damu. Nasi katika mlango wa tahara tunasoma juu ya wasio na damu itiririkayo, kama nzi na nge, ambao wakifia majini hawayanajisi. Mafaqihi walitaka kujua hukumu ya maji, wala hawakuwa wakiainisha wanyama, na kwa shabaha hiyo kipimo cha damu kinatosha. Kwa Lamarck hakikutosha, maana wengi wa wanyama hao wana damu, ila si nyekundu. Ndipo akawaita wasio na uti wa mgongo.

Uzee ulimjia vibaya. Kati ya 1815 na 1822 alitoa juzuu saba za historia ya wanyama hao, na katikati ya kazi macho yakapofuka. Mtu aliyeishi kwa kuhesabu miguu na vipapasio hakuona tena hata mkono wake. Binti zake wakamtunza, na za mwisho ziliandikwa yeye akisema, binti akishika kalamu.

Alifariki Paris tarehe 18 Desemba 1829. Hotuba ya kumkumbuka iliandikwa na Cuvier yule yule, na ilijaa kejeli kuliko sifa. Familia haikuwa na fedha za kaburi la kudumu. Alizikwa Montparnasse katika kaburi la kupanga la miaka mitano, kisha mifupa ikachimbuliwa kupisha wengine, na mahali ilipopelekwa hapajulikani.