Edgar Snow: Mgeni Aliyeona, na Mgeni Aliyeonyeshwa

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kazi ya habari methali hiyo ina maana yake ya pekee, kwani mara nyingi mgeni huweza kusema neno ambalo mwenyeji akilisema hufungwa. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye methali hiyo ilimfaa kwa miaka mingi, kisha ikafika siku ikamshinda. Huyo ni Edgar Snow, mwandishi wa habari wa Marekani.

Snow alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Mwaka 1928 alifika Shanghai akiwa kijana, na nia yake ilikuwa kukaa majuma machache tu na kwenda zake. Akakaa miaka kumi na mitatu. Wakati huo wageni wa Shanghai walikuwa na mitaa yao, polisi wao na mahakama zao, na mgeni aliweza kuishi humo miaka mingi bila ya kuwajua wenye nchi. Snow hakuridhika na maisha hayo. Mwaka 1929 alisafiri hadi Suiyuan, kaskazini ya nchi, akakuta watu wakifa kwa njaa kando ya njia, hali matajiri wameficha nafaka ghalani wakingoja bei ipande. Mambo aliyoyaona huko hayakumtoka moyoni.

Serikali ya Kuomintang ya Chiang Kai-shek, iliyokuwa na makao yake Nanjing, iliweka wakaguzi wa magazeti. Waandishi walifungwa, na wengine waliuawa. Snow, aliyekuwa akikaa mji wa kaskazini ambao leo ni Beijing, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Yenching. Mwezi Desemba 1935 wanafunzi walipoandamana kuipinga Japani iliyokuwa ikiimega nchi yao, yeye na mkewe Helen Foster waliwasaidia, wakazipeleka habari zao ng'ambo. Sauti ya kijana wa Kichina iliyozibwa kwao ilipita katika kalamu ya mgeni.

Mwaka 1936 alifanya jambo lililompa jina. Kwa msaada wa Song Qingling, mjane wa Sun Yat-sen, alivuka mistari ya majeshi akaingia eneo la Wakomunisti huko kaskazini magharibi. Kwa miaka mingi magazeti ya serikali yalikuwa yakiwaita majambazi, na zaidi ya mara moja yalitangaza kwamba Mao Zedong amekwisha kufa. Snow alimkuta mzima katika mji mdogo wa Bao'an, akazungumza naye usiku baada ya usiku. Alimwona pia jemadari Peng Dehuai, akapendezwa naye kwa unyofu wake. Baada ya miezi minne alirudi na madaftari na picha zake. Kitabu chake, Red Star Over China, kilitolewa London mwaka 1937, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa Kichina huko Shanghai kwa jina lililofanana na la kitabu cha safari, ili wakaguzi wasikitambue. Vijana wengi wa China walipata kuijua habari ya nchi yao wenyewe kwa mkono wa Mmarekani.

Hata hivyo, haki yatutaka tuseme jambo moja zaidi. Maneno ya Mao yaliyomo kitabuni yaliandikwa kwa Kiingereza, yakatafsiriwa kwa Kichina, yakasomwa na kusahihishwa na Mao mwenyewe, kisha yakarudishwa kwa Kiingereza. Snow hakulificha jambo hilo, alilieleza. Lakini mwenye busara aona hapo ya kuwa mkaguzi hakuwa Nanjing peke yake.

Januari 1941 majeshi ya Chiang yaliwashambulia askari wa Jeshi Jipya la Nne, waliokuwa wenzao katika vita dhidi ya Japani. Snow aliipeleka habari hiyo ulimwenguni, na serikali ikamnyang'anya ruhusa ya kazi yake. Akaondoka China. Kwao nako, katika miaka ya 1950, kila aliyeandika wema juu ya Wakomunisti wa China alitiliwa shaka. Magazeti yakamfungia milango, hata mwaka 1959 akahamia Uswisi.

Mwaka 1960 alirudi China, akakaribishwa kama rafiki wa zamani. Na hapo, ndugu wasomaji, ndipo penye funzo kubwa la maisha yake. Wakati huo nchi ilikuwa katika njaa kuu. Viongozi wa mikoa walikuwa wametangaza mavuno ya uongo, magazeti yakayachapa kwa furaha, na nafaka ikachukuliwa kwa wakulima kwa hesabu ya mavuno yasiyokuwapo. Peng Dehuai, yule jemadari mnyofu, alimwandikia Mao mwaka 1959 kuueleza ubaya wa mambo, akaondolewa katika uwaziri wa ulinzi. Makisio ya wataalamu ni kwamba waliokufa walikuwa kati ya watu milioni 15 na milioni 45. Snow alitembezwa miezi mingi akiongozana na wenyeji wake. Kisha akaandika kwamba chakula ni haba, lakini njaa ya namna aliyoiona zamani haipo tena.

Hatusemi kwamba aliuza kalamu yake. Twaamini aliandika alichoonyeshwa, na alitamani kiwe kweli. Lakini mtu aliyeitambua njaa ya Suiyuan mwaka 1929 alishindwa kuitambua njaa kubwa kuliko ile alipokuwa mgeni wa heshima. Wala lawama si yake peke yake. Laiti magazeti ya China yangaliruhusiwa kuchapa habari za kijiji kimoja tu chenye njaa, pengine nafaka ingalirudishwa kwa wakulima mapema. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Mwaka 1970 Snow alisimama kando ya Mao katika lango la Tiananmen. Baadaye Mao alimwambia kwamba Rais Nixon angekaribishwa akitaka kuja, na Snow akaitangaza habari hiyo mwaka 1971. Yeye mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alifariki Uswisi tarehe 15 Februari 1972, siku sita kabla ya Nixon kufika Beijing. Sehemu ya majivu yake ilizikwa penye uwanja wa chuo alichofundisha zamani.

Sisi twamheshimu Edgar Snow kwa yale aliyoyafunua, na twajifunza kwa yale yaliyompita. Mwanachama aipendaye nchi yake hataki sifa tu za mgeni, bali hutaka kwanza mfanya kazi na mkulima waweze kusema shida yao kwa ulimi wao wenyewe, na gazeti lao lipate kuichapa. Chama kinachoogopa habari mbaya hakiwezi kuondoa jambo baya.