Capablanca: Bingwa wa sataranji aliyeshindwa kwa ngome yake mwenyewe

MCHEZAJI chipukizi wa sataranji anayeketi nyuma ya kete nyeusi, awe Muthangari au Mombasa, hukabiliwa na swali lile lile mpinzani anapomsogeza mbele miraba miwili askari aliye mbele ya malkia. Je, ajibu kwa pupa, au ajenge ngome kwanza? Hakuna aliyelijibu swali hili kwa utulivu zaidi ya José Raúl Capablanca, wala aliyelipa gharama kubwa zaidi kwalo.

Capablanca alizaliwa Havana, Cuba, Novemba 19, 1888. Alijifunza mchezo huo akiwa na miaka minne kwa kumtazama babake akicheza. Mwaka 1901, akiwa na umri wa takriban miaka 13, alimshinda Juan Corzo, bingwa wa Cuba. Mwaka 1909 alimlaza Mmarekani Frank Marshall, na mwaka 1921 akamvua Mjerumani Emanuel Lasker taji la dunia jijini Havana bila kupoteza mchezo hata mmoja. Kuanzia 1916 hadi 1924 hakushindwa kabisa katika mashindano rasmi.

Kinga aliyoiamini ilikuwa rahisi kuieleza. Mweusi humsogeza askari wa malkia miraba miwili kama mwenzake. Mweupe anapomtoa kafara askari wa pembeni, Mweusi hakubali mtego. Humwimarisha askari wake wa kati kwa kumsogeza askari wa mfalme mraba mmoja. Ukuta huo ni imara, lakini una dosari: askofu wa upande wa malkia hufungiwa nyuma yake.

Ustadi wa Capablanca ulikuwa katika kumfungulia askofu huyo mlango. Alisubiri wakati ufaao, akamla yule askari wa kafara, akampeleka farasi katikati, kisha akabadilishana maaskofu na farasi. Hoja yake ilikuwa wazi: aliyebanwa katika chumba kidogo hupumua watu wakipungua. Baada ya hapo alimsogeza mbele askari wa kati, na askofu akapata njia.

Mwaka 1927, kuanzia Septemba hadi Novemba, alilitetea taji lake jijini Buenos Aires dhidi ya Mrusi Alexander Alekhine, ambaye hakuwa amewahi kumshinda. Wengi walidhani shughuli ingekuwa nyepesi. Kumbe Alekhine alikuwa ameichunguza michezo ya bingwa huyo kwa kina, na akaamua kujifunza subira yake. Katika michezo 34 waliyocheza, 32 ilitumia kinga hiyo hiyo, kila mmoja akijificha ndani yake alipokuwa na kete nyeusi. Michezo 25 iliishia sare. Alekhine alishinda sita, Capablanca mitatu, na taji likaenda.

Capablanca alitafuta mechi ya marudiano kwa miaka mingi bila kufanikiwa. Alekhine alishikilia sharti la dola 10,000, kiasi ambacho Capablanca mwenyewe alikuwa amekipendekeza alipokuwa bingwa. Hata hivyo, nyota yake haikuzimika: mwaka 1936 alishinda mashindano ya Moscow, kisha akagawana nafasi ya kwanza na Mikhail Botvinnik kule Nottingham, Uingereza.

Machi 7, 1942, alianguka ghafla katika klabu ya sataranji ya Manhattan, New York, akafariki siku iliyofuata akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa Havana.

Kinga aliyoitegemea ingali inafundishwa kote duniani, na anayeanza mchezo hatakosea akiichagua. Ila maisha ya Capablanca yanamwonya: ngome humlinda mtu asianguke mapema, lakini haimpi ushindi. Mpinzani naye aweza kujenga ya kwake, na hapo mwenye subira zaidi ndiye hula mbivu.