Az-Zahrawi, Tabibu wa Qurtuba: Funzo la Kutochelewa na Saratani

 

Ndugu zetu katika imani, tumeletewa maswali mengi kuhusu maradhi ya saratani, na mengi yanatoka kwa mama zetu na dada zetu. Badala ya kutoa jawabu moja moja, tumeona tusimulie maisha ya tabibu Muislamu aliyeishi miaka 1000 na zaidi iliyopita, kwani ndani yake mna majibu ya mengi tuliyoulizwa.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi. Alizaliwa karibu mwaka 936 Miladia katika Madinatuz-Zahra, mji uliojengwa na Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu nje kidogo ya Qurtuba, Andalus, nchi ambayo leo ni Hispania. Nasaba yake ilirejeshwa kwa Answari wa Madina. Wanahistoria hawakuandika mengi kuhusu nyumba yake wala watoto wake. Kilichobaki ni kazi yake.

Kazi hiyo ni kitabu cha At-Tasrif, chenye sehemu 30, alichokikamilisha karibu mwaka 1000 baada ya takriban miaka 50 ya kutibu na kufundisha. Humo mna maradhi, dawa na vyakula vya wagonjwa, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji. Alichora kwa mkono picha za ala zipatazo 200: visu, makoleo, mikasi na vyuma vya kuchomea vidonda. Alieleza pia kushona kwa uzi utokanao na utumbo wa mnyama. Alipowaandikia wanafunzi wake aliwaita wanawe, kama mzee anayeusia kizazi chake.

Sasa tuje kwenye saratani. Jina hili tunalolitumia kila siku ni la Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule wa pwani. Matabibu wa kale wa Kiyunani na Waarabu waliufananisha uvimbe huo na kaa kwa sababu mishipa iliyouzunguka ilitanuka mfano wa miguu yake.

Az-Zahrawi alifundisha kwamba saratani ikiwa ndiyo kwanza inaanza, ni ndogo, na iko mahali panapoweza kukatwa yote, kama kwenye titi au paja, basi ikatwe pande zote pasibaki mzizi. Lakini ikishakuwa kubwa na ya muda mrefu, aliwaonya wanafunzi wake wasiiguse. Akakiri bila kuona haya kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kumponya mgonjwa wa namna hiyo, wala hakumuona mwengine aliyeweza.

Tuzingatie ukweli huo. Bingwa wa zama zake, aliyesifiwa hadi Ulaya, ambako kitabu chake kilitafsiriwa Kilatini na Gerard wa Cremona katika karne ya 12, hakuona aibu kusema hakuweza. Na siri aliyoiona yeye kwa macho tu ndiyo hiyo hiyo wanayoisema madaktari wa leo: saratani ikiwahiwa, matumaini ya kupona ni makubwa zaidi.

Leo tunajua kwamba saratani ni chembe za mwili zilizoacha utaratibu wake, zikazaana ovyo na kuweza kuhamia viungo vyengine. Haiambukizi kwa kula pamoja wala kwa kumuosha mgonjwa. Dalili za kutopuuzwa ni uvimbe mpya hata kama hauumi, kidonda kisichopona, damu isiyo ya kawaida, hasa kwa mwanamke aliyekwisha kukatikiwa na hedhi, kukonda bila sababu, na kikohozi kisichokoma. Si kila uvimbe ni saratani. Ndiyo maana daktari hukata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara. Kipimo hicho hakisambazi maradhi kama wengi wanavyodhani. Ikithibitika, mgonjwa hufanyiwa upasuaji, hupewa dawa au mionzi, kwa kadiri ya hali yake, na wengi wa visiwani huvuka bahari hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Wanawake hutuuliza kuhusu stara. Az-Zahrawi alilifikiria hilo pia. Alipoeleza kumtoa mwanamke jiwe la kibofu, alisema atafutwe tabibu wa kike, na akikosekana, mkunga mjuzi afanye kazi huku akielekezwa na tabibu. Wanavyuoni nao wameeleza kwamba asipopatikana daktari wa kike, inajuzu kutibiwa na mwanamume kwa kadiri ya haja, akiwepo mahram au muuguzi wa kike. Basi haya isiwe sababu ya mama kuficha uvimbe wa titi mwaka mzima.

Alionya vilevile dhidi ya wajinga wanaojitia utabibu. Alisimulia habari ya mmoja aliyechana uvimbe wa shingo ya mwanamke bila kujua mishipa ilivyopita. Akaukata mshipa mkubwa, na mama yule akafa palepale kwa kutokwa na damu. Anayechanja uvimbe uani kwetu leo na aikumbuke habari hiyo.

Na yule ambaye maradhi yamemshinda, asiachwe. Kuuguza ni ibada. Tumgeuze kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia, tumsafishe kinywa, tumpe chakula laini kidogo kidogo, na tumuombee daktari dawa ya maumivu, kwani kuvumilia maumivu yenye dawa si sharti la subira. Asiyeweza kusimama ataswali kwa kukaa au kulala, na ambaye maji yanamdhuru atatayamamu. Tusisahau kumpumzisha anayeuguza, mara nyingi ni binti mmoja peke yake.

Az-Zahrawi alifariki karibu mwaka 1013, katika miaka ya fitna. Mji aliozaliwa ulikwishaporwa na kubomolewa, lakini elimu yake ilibaki. Mtume wetu ametuhimiza kujitibu, na amefundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa. Mwenye uvimbe nyumbani kwetu na apelekwe hospitali wiki hii, si baada ya Idi.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wallahu a'lam.